Sura ya Saba: Jino Lililouawa Linapouma

"Dokta, si ulisema mshipa umeshauua? Sasa kinachouma ni nini?"

Hakuna daktari wa meno anayetibu mizizi ambaye hajaulizwa swali hili, na mara nyingi huulizwa kwa simu, usiku. Anayeuliza ana haki yake. Amekaa kitini saa nzima ameachama, amelipa pesa nyingi kuliko ambazo angelipa kung'oa, akaambiwa jino limesafishwa, limetiwa dawa ya muda, arudi baada ya wiki mbili. Jioni ganzi ikamtoka. Kufika saa nne usiku jino lile lile linauma tena, na safari hii hata ulimi ukiligusa anashtuka.

Jibu fupi ni kwamba kinachouma si jino, ni kile kinacholishika jino. Mtu akishalielewa hilo, karibu kila uamuzi wa zile siku za katikati unakuwa mwepesi: ameze nini, asimeze nini, atafunie upande gani, na lini ampigie daktari bila kuona haya.

Katikati ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, nayo huteremka mizizini kupitia mifereji myembamba. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego kubwa la kwanza la juu lina mitatu au minne, na huo wa nne hujificha kiasi kwamba hata mikono mizoefu huukosa. Bakteria wakikifikia kiini kupitia tundu, kiini huvimba. Nyama ya mahali pengine mwilini ikivimba hupata pa kutanukia. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, kwa hiyo shinikizo hupanda na mwenye jino hukesha akizunguka uani.

Kwamba mkosaji ni bakteria na si tundu lenyewe kulionekana wazi mwaka 1965, pale watafiti watatu huko Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walipotoboa meno ya panya wa kawaida na ya panya waliokuzwa bila kijidudu chochote. Viini vya panya wa kawaida vilioza. Wale wengine, ingawa makombo ya chakula yalijaa kwenye matundu yao, viini vilibaki hai na vikaanza kujijengea ukuta mpya. Ndiyo maana matibabu ya mzizi ni kazi ya usafi kuliko kitu kingine. Daktari hukitoa kiini, huikwangua mifereji, huiosha kwa sodiamu haipokloraiti, dawa ile ile inayong'arisha mashuka meupe, kisha mara nyingi huacha ndani yake ujiuji mweupe wa kalsiamu haidroksaidi. Huu uliingizwa katika tiba ya meno na Mjerumani Hermann mwaka 1920, na ukali wake wa kialkali ni mkubwa mno kwa bakteria wengi kuustahimili. Lakini hauui kwa dakika. Huhitaji kama wiki moja hivi. Basi zile siku za katikati si uzembe wa hospitali wala mbinu ya kukurudisha ulipe tena. Ni muda wa dawa kufanya kazi. Wapo madaktari wanaomaliza kwa siku moja, na kwa meno mengi hakuna ubaya.

Sasa tutoke nje ya jino. Mzizi haukushikana na mfupa moja kwa moja. Umezungukwa na utando wa nyuzi wenye unene wa takriban milimita 0.2 tu, uliojaa mishipa ya fahamu. Huo ndio unaokujulisha kwamba kwenye wali kuna chembe ya mchanga. Vifaa vya daktari vinapofanya kazi karibu na ncha ya mzizi, mabaki husukumwa nje kidogo: vipande vya kiini kilichooza, bakteria, pengine na tone la dawa. Mwili hupeleka damu na majimaji pale kwenda kusafisha. Utando huvimba, na jino huinuka kidogo sana katika shimo lake. Mgonjwa akisema jino "limerefuka" na linagusa kabla ya mengine, hakosei.

Kiini kimeondoka, kweli. Utando ungali hai, na utaendelea kuwa hai hata jino likishazibwa na kuvikwa kofia, yaani gamba la bandia la kulifunika.

Maumivu haya yana kawaida yake. Huanza ganzi inapoisha, hufikia kilele katika siku moja au mbili za mwanzo, kisha hushuka. Mwaka 2011 watafiti Pak na White walikusanya tafiti zilizokuwapo kuhusu jambo hili na kuona kwamba kabla ya matibabu asilimia 81 ya wagonjwa walikuwa na maumivu. Siku moja baadaye walibaki asilimia 40. Baada ya wiki, asilimia 11. Mimi huzitazama namba hizo kwa namna mbili. Wanne kati ya kumi kuumwa siku inayofuata si jambo la ajabu, kwa hiyo anayeumwa asidhani amefanyiwa vibaya. Na kinachohesabika zaidi ni mwelekeo. Maumivu makali ya usiku wa kwanza yanayopungua usiku wa pili ni habari njema kuliko maumivu madogo yanayoongezeka kila siku.

Kwenye vidonge ndipo wengi hukosea, na si kwa ujinga. Tumezoea kumeza dawa ya maumivu kama tunavyokunywa maji, yaani kiu ikitushika. Jino linauma, mtu anameza panado moja, linatulia kidogo, anasahau, linaamka saa tisa usiku, anameza nyingine. Kwa kichwa kinachouma mchana hiyo inatosha. Kwa utando uliovimba haitoshi, kwa sababu kila dawa inapoisha mwilini uvimbe huanza upya, na kuyashusha maumivu yaliyokwisha panda ni kazi kubwa kuliko kuyazuia yasipande. Siku mbili za mwanzo dawa humezwa kwa saa, jino likiuma lisiume.

Dawa ipi? Kwa kuwa tatizo ni uvimbe, la kwanza kufikiriwa ni kundi la dawa zinazotuliza uvimbe: ibuprofeni, diklofenaki, naproksini. Parasetamoli, ndiyo hiyo panado, haina nguvu kubwa juu ya uvimbe, ila huyapunguza maumivu kwa njia nyingine, na kwa sababu njia zao ni tofauti ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kutumika pamoja. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, shirika linalopima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti za watu waliotolewa magego ya mwisho. Waliomeza ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000, zaidi ya 7 kati ya 10 walipata nafuu ya nusu ya maumivu au zaidi kwa saa sita; kwa ibuprofeni peke yake ilikuwa kama nusu yao; kwa kidonge kisicho na dawa, chini ya 1 kati ya 10. Vidonge hivi vya bei ndogo, vilivyopo karibu kila duka la dawa, vikipangwa vizuri hufanya kazi ambayo watu huitafuta kwenye sindano.

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, kipimo kinachoelekezwa mara nyingi ni hicho hicho, baada ya kula, kila baada ya saa sita hadi nane. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku nzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mtu mwembamba sana, mnywaji wa pombe au mwenye ini bovu aambiwe kipimo chake na daktari. Ibuprofeni bila maelekezo ya daktari isivuke miligramu 1200 kwa siku, kwa hiyo hiyo isimezwe zaidi ya mara tatu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, pumu inayochochewa na aspirini, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20, asiguse kundi la ibuprofeni kabla ya kuuliza. Parasetamoli ndiyo yake. Kuna jingine ambalo vitabu vya ng'ambo hulisahau. Dar es Salaam ilipigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na Mombasa nayo inaijua. Wakati wa mlipuko, mtu mwenye homa isiyoeleweka asimeze ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini hata jino likimtoa machozi, kwa sababu dengi yenyewe huleta hatari ya kuvuja damu na dawa hizo huiongeza.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, hutoka kwenye mifuko ya dawa iliyo kabatini. Sikiliza mazungumzo ya duka lolote la dawa mtaani:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe kitu cha jino, kikali."

"Mpaka sasa umetumia nini?"

"Panado. Na zile za mgongo za mzee. Na hizi nyekundu kanipa jirani, sijui zinaitwaje."

Za mgongo za mzee huenda ni diklofenaki. Akiongezewa ibuprofeni atakuwa amemeza dawa mbili za kundi moja, asipate nafuu mara mbili bali madhara ya tumbo na figo mara mbili. Zile za jirani huenda zimechanganywa na parasetamoli ndani yake, na zipo nyingi za namna hiyo, kwa hiyo hesabu ya vidonge 8 imekwisha vurugika bila yeye kujua. Parasetamoli iliyozidi haitoi onyo la haraka. Mtu hujisikia vizuri siku ya kwanza huku ini likiharibika. Muuzaji mzuri wa dawa ni yule anayeuliza kabla ya kuuza, na mteja mzuri ni yule anayekwenda na maboksi yake yote mkononi.

Na antibayotiki? Hapa nitasema waziwazi: watu wengi wanaoumwa jino katikati ya matibabu humeza amoksilini au metronidazoli isiyowasaidia chochote. Mantiki yao inaonekana sawa, kwamba bakteria ndio chanzo, basi tuwaue. Lakini antibayotiki husafiri kwa damu, na ndani ya mfereji uliokwisha tolewa kiini hakuna damu inayopita. Dawa haifiki walipo wadudu. Na uvimbe wa utando hautokani na bakteria peke yao. Mwaka 2000 huko Marekani wagonjwa 40 wenye kiini kilichovimba kiasi cha kutopona walipewa penisilini au kidonge kisicho na dawa kwa siku saba. Hapakuonekana tofauti ya maumivu baina yao. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kinashauri kwa watu wazima wenye kinga nzuri antibayotiki zisitumike kwa maumivu ya jino pale ambapo tiba ya jino lenyewe inapatikana na hakuna homa wala dalili za maambukizi kusambaa. Zikisambaa, hapo antibayotiki ina kazi yake, tena muhimu, lakini huandikwa na daktari na kumezwa kama alivyoelekeza. Anayepewa metronidazoli aambiwe pia asinywe pombe.

Sasa karafuu. Sisi wa pwani hatuwezi kuongelea jino bila karafuu, na hatukosei. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, na yujenoli hutia ganzi kwelikweli. Kiwanda cha Chake Chake, Pemba, huyatoa kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Madaktari wameichanganya yujenoli na oksaidi ya zinki tangu karne ya 19 kutengeneza dawa ya kuzibia meno kwa muda, na ile harufu inayokupokea mlangoni kwa daktari wa meno, harufu inayowafanya wengine watake kugeuza, ni harufu ya Pemba. Basi pamba yenye mafuta ya karafuu kwenye tundu lililo wazi, lenye kiini hai, inaweza kumvusha mtu usiku. Lakini wewe jino lako limekwisha fungwa, na kinachouma kiko chini, kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa. Mafuta hayafiki huko. Yatakachofanya ni kuchoma ufizi, hasa yakiwa makali na yakirudiwa, na asubuhi utakuwa na maumivu mawili badala ya moja. Kidonge cha aspirini kinachobandikwa kwenye ufizi nacho huunguza vivyo hivyo. Aspirini hufanya kazi ikimezwa. Kuhusu ugoro, mafuta ya taa na maji ya betri sina la kuongeza zaidi ya kusema yaachwe.

Maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe, hayafiki mzizini pia, ila hutuliza ufizi uliokwaruzwa na hayana madhara. Shavuni weka baridi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi hadi kumi na tano kisha pumzika. Kukanda kwa maji ya moto, ambako mama zetu wengi wangekuagiza mara moja, kusubiri. Pale penye uvimbe mpya joto huongeza damu mahali ambapo imekwisha zidi.

Usiku una sababu zake za kuuma. Mtu akilala chali damu ya kichwani huongeza msukumo, na hakuna kelele wala kazi ya kumsahaulisha. Mito miwili badala ya mmoja husaidia kuliko inavyosikika, na dozi ya mwisho imezwe karibu na kulala.

Upande wa kutafuna hauna mjadala: tafunia upande mwingine, na kwa siku chache achana na mahindi ya kuchoma, miwa na mifupa. Utando uliovimba unahitaji kupumzishwa, na dawa ya muda si imara. Ila kama jino linagonga kabla ya mengine kila unapofunga mdomo, usivumilie kwa vidonge. Rudi kwa daktari alisugue kidogo juu. Ni kazi ya dakika tano, haihitaji ganzi, na kuna watu wanaoinuka kitini wakishangaa kwa nini waliteseka siku tatu.

Mwezi wa Ramadhani huleta hesabu ya peke yake, kwa sababu dawa ya kila saa sita na saumu havipatani. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na uamuzi huo ni wake na anaowaamini katika dini. Anayechagua kufunga amwambie daktari mapema. Naproksini humezwa kila baada ya saa kumi na mbili, kwa hiyo huweza kuangukia kwenye futari na daku, tumbo likiwa na chakula. Kumeza ibuprofeni mchana kwenye tumbo tupu kwa maji kidogo ni kujikosesha kote kuwili. Miadi yenyewe, kama haina haraka, inaweza kupangwa kabla ya mwezi kuandama.

Yapo maumivu ambayo hayasubiri miadi. Uvimbe unaoonekana shavuni na kuongezeka, homa, usaha, maumivu yanayopanda siku ya tatu badala ya kushuka: piga simu siku hiyo hiyo, daktari atafungua, ataosha tena, pengine atautoa usaha. Dalili nyingine ni za kwenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane: uvimbe unaoziba jicho au unaoteremka chini ya kidevu na shingoni, mdomo kushindwa kufunguka, ulimi kuinuliwa, mate kushindwa kumezwa, sauti kubadilika, pumzi kuwa nzito. Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza uvimbe huo wa chini ya kidevu mwaka 1836 na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Huua kwa kuziba njia ya hewa, na huanza mara nyingi kwenye magego ya chini. Hapo hakuna cha karafuu wala cha kusubiri asubuhi.

Dawa ya muda ikidondoka, maumivu yawepo yasiwepo, rudi ndani ya siku moja au mbili. Zamani baadhi ya madaktari waliacha jino wazi makusudi "lipumue", na wazee wengine bado hulidai hilo. Jino halipumui. Linaingiza mate na chakula, na kazi yote ya kuosha inaanza upya.

Na kuna wale ambao jino halikuwauma kabisa baada ya siku ya kwanza. Hao ndio madaktari huwapoteza. Maumivu yameisha, pesa ya awamu ya pili ina matumizi mengine, ada za shule zimefika, na dawa ya muda iliyotengenezwa kukaa wiki chache inaachwa miezi. Huliwa pembeni, mate hupenya, bakteria hurudi kwenye mifereji ile ile. Gego ambalo halijavikwa kofia hupasuka siku moja kwenye kitu laini kama andazi. Mwenye kujua kwamba fedha haitapatikana kwa tarehe aliyopewa aseme hivyo akiwa bado kitini. Daktari anaweza kuziba juu kwa dawa ngumu zaidi inayovumilia muda mrefu, anaweza kugawa malipo, na anaweza pia kusema kwa uaminifu kwamba kwa jino hili na kwa hali hii, bora ling'olewe leo ganzi ingali inafanya kazi.